Picha Moja ya Kadzo

Wambui alinipigia simu kunipa habari ya kifo cha Kadzo, na kabla sijamaliza kusema inna lillahi akaniuliza kama nina picha yake. Sikumlaumu. Alikuwa tayari yuko Kaloleni, amekaa na wafiwa tangu asubuhi, na jambo lililowasumbua pale halikuwa jeneza wala masufuria ya wali. Hayo watu wa matanga wanayajua. Lililowasumbua ni kwamba mwalimu Kadzo, aliyefundisha nusu ya watoto wa mji ule, hakuwa na picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Kitambulisho chake kilikuwa kimefutika kwa kukaa mkobani, na fundi wa studio alipojaribu kuikuza ile picha ndogo, uso ukatoka kama doa la chai. Mama yake aliitazama akasema huyo si mwanawe. Mazishi yalikuwa keshokutwa. Nilikata simu, nikakaa kitandani nyumbani kwangu Malindi, na badala ya kulia nikashikwa na hasira, kwa sababu picha nilikuwa nayo, tena nzuri kabisa, na nilijua kwamba Kadzo angeichana vipandevipande kama ingemfikia mikononi.

Watu wakiniuliza nilianzia wapi kazi yangu, hupenda nitaje miji ya mbali. Ukweli ni kwamba nilianzia katika nyumba moja ya Bofa, pale Kilifi, mwaka ambao wafadhili fulani wa ng'ambo walituchagua wasichana watatu, mimi, Wambui na Kadzo, tuishi pamoja na kujifunza kusimamia maonyesho ya sanaa. Walitaka, kwa maneno yao, wasimamizi kutoka tamaduni mbalimbali. Kazi yenyewe ni kuchagua picha na vinyago, kuamua kipi kikae kando ya kipi, na kuandika maneno machache ya ukutani ili mtazamaji asipotee. Kwetu hakuna aliyeielewa. Shangazi yangu aliniuliza kama kutundika picha nako kunasomewa, nikamjibu kwamba kunasomewa na chakula unalipiwa, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Tulipewa chumba kila mmoja, chakula na posho ya mwaka mzima, na ahadi kwamba mwisho wa mwaka kila mmoja angefanya onyesho lake mwenyewe mbele ya wageni wakubwa. Kwa sisi tuliozoea kuomba ukuta kwenye kumbi za hoteli na kunyimwa, ilikuwa bahati ya mtende. Nakumbuka nilivyolala siku ya kwanza kwenye kile kitanda kipana nikijiona nimefika.

Nyumba ilikuwa nyeupe, kuta nene, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyekuja mara moja kwa mwaka, na muda uliobaki aliwaachia wafadhili. Kulikuwa na sebule kubwa isiyo na kitu ila mabaraza ya kukalia, kuta zake nne zikiwa tupu kabisa, na sote watatu tuliitamani sebule ile tangu siku tuliyoiona. Karibu nayo kulikuwa na chumba cha kulia, meza ndefu ya mbao nzito, na mwisho wa meza, kumemulikwa na taa ndogo kutoka chini, kulisimama kigango. Wasiokijua wataona mti uliochongwa, wenye kichwa cha duara na pembetatu nyingi kifuani. Wagiriama humsimamishia mzee wao mwenye heshima aliyefariki, na kikishasimama hakihamishwi, hata kama ukoo mzima utahama. Jioni hiyo ya kwanza mpishi wetu, Mama Riziki, alikuwa ametuandalia samaki wa kupaka na wali wa nazi. Kadzo aliingia, akasita mlangoni, akasema maneno mawili matatu ya Kigiriama kwa sauti ya chini kama anayemwamkia mkubwa wake, kisha akachukua sahani yake akaenda kula jikoni. Nilidhani ana maringo. Baadaye aliniambia, bila kunitazama, kwamba yule ni baba wa watu, ametolewa kwao usiku na wezi akauzwa, na yeye hawezi kumtafunia samaki usoni. Haikupita wiki sote tukahamia jikoni, na mwaka ule wote tulikula tumekaa kwenye vibao vya mbuzi za kukunia nazi na ndoo zilizofunikwa.

Mratibu wetu alikuwa Bi Lydia, mwanamke mpole wa Nairobi aliyekuja kila mwezi na mizigo ya vitabu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba sina mtu wa kumchukia. Siku moja alikuwa barazani akizungumza na wafadhili kwa simu, na Wambui, aliyekuwa anaosha nywele kwenye dirisha la pili, akasikia yote. Yule wa Malindi ametupatia Waswahili, alisema Bi Lydia, na Kadzo ametupatia Wamijikenda, lakini Wambui sijui tumweke wapi. Wambui alitusimulia jikoni huku akiigiza sauti, tukacheka. Alizaliwa Kilifi, baba yake akiwa mpishi wa hoteli aliyeteremka kutoka bara kutafuta kazi. Kikuyu chake kilikuwa cha kuokoteza na Kiswahili chake kilimshinda Bi Lydia mara kumi. Walikuwa wamemwomba afanye onyesho la vibuyu na shanga za babu zake. "Wakiniuliza tena utamaduni wangu," alisema, "nitawaambia ni zamu ya jioni hotelini." Tulicheka tena. Lakini alipokwenda kuoga alifungua maji kwa muda mrefu mno, na alipotoka macho yalikuwa yamevimba.

Mimi niliambiwa nifanye milango ya kuchongwa na maandishi ya Kiarabu, na milango naipenda tangu utoto, kwa hiyo sikuwa na ugomvi na mtu. Nadhani ndiyo sababu nilifika mbali: nilichotakiwa kukipenda nilikuwa nakipenda tayari. Kadzo aliambiwa vigango, akasema hapana. Hakueleza sana. Alisema tu kwamba hawezi kuwapanga wazee wa watu ukutani wakati kwao bado wanatafutwa. Halafu akawa anazunguka nyumba bila kazi, mpaka siku Mama Riziki alipougua homa, nasi tukampelekea uji chumbani kwake nyuma ya nyumba. Juu ya kitanda ilitundikwa picha ya marehemu mumewe. Ilikuwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa, uso umepakwa rangi upya kwa mkono, na chini ya shingo fundi alikuwa amemchorea suti nyeusi, tai nyekundu, na nyuma yake pazia lenye maua. Kadzo aliuliza kama marehemu alikuwa karani. Mama Riziki akasema alikuwa mgema, alikufa kwa kuanguka mnazini, na suti hakuwahi kuivaa maisha yake yote. "Lakini mtazame," akasema akijiinua kwenye mto. "Si inamfaa?"

Pale Kadzo alipata onyesho lake, na sijamwona mtu akipenda kazi kama alivyoipenda ile. Alikwenda Matsangoni, akaenda vijiji vya nyuma ya Kilifi, akapanda mpaka kwao Kaloleni, akiazima picha za marehemu kutoka kwenye kuta za watu. Kila nyumba alikaa kutwa. Aliuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nani alimchagulia suti, kwa nini pazia la bluu na si la kijani. Picha alirudi nayo Bofa ameifunga kwa leso na kuipakata, na kila familia aliiahidi kitu kimoja: siku ya onyesho waje wenyewe waone mtu wao amekaa wapi. Chumba chake kilijaa. Ukipita mlangoni uliwaona wameegemea ukuta mmoja mmoja, wavuvi, wapishi, mama mmoja aliyechorewa mkufu wa dhahabu na saa mkono wa kushoto. Mimi kwetu picha za maiti hazitundikwi. Mtu akifa, picha yake hugeuzwa au hufichwa ili Kurani isomwe chumbani, na mwanzoni nilikipita chumba kile haraka haraka. Nilimwambia Kadzo kwamba watazamaji watasema ni picha za uongo. Alikasirika kidogo. "Si uongo, Zuhura," aliniambia. "Hiyo ndiyo nguo ya mwisho anayovishwa mtu na waliompenda. Sasa wewe niambie uongo uko wapi." Tangu siku hiyo nilianza kuingia na kukaa nao.

Bi Lydia alipoziona picha alisema ni nzuri sana, na nadhani alimaanisha. Lakini alirudi mwezi uliofuata na sura nyingine. Tulikuwa jikoni, Kadzo anamenya mihogo. Bi Lydia alivuta ndoo akakaa nasi, akaeleza kwamba wafadhili wanapata shida. Wao hutoa pesa kwa ajili ya urithi, na hizi picha za studio hawaelewi waziite nini. Walikuwa wanatayarisha kitabu kidogo cha kuwaonyesha matajiri wao, wakaona kama Kadzo angekubali kupigwa picha moja tu, amesimama kando ya kile kigango, basi wao wangeridhika na onyesho lingekuwa lake alifanye apendavyo. Mama Riziki aliacha kukuna nazi. Kadzo aliendelea kumenya mpaka muhogo ukabaki mwembamba.

"Nikisimama naye mara moja," aliuliza, "kuta zote nne za sebule ni zangu?"

"Zote."

"Na familia zitakuja?"

"Tutawaletea gari."

Asubuhi ya kupigwa picha, Mama Riziki alikuja na chupa ya tembo la mnazi kutoka kwao. Kadzo alivaa gauni lake la samawati, lile la kanisani. Shanga walizomletea aliziacha mezani. Aliinama akamwaga mnazi kidogo chini ya kigango, juu ya ile sakafu nyekundu, na Bi Lydia akakimbia kutafuta kitambaa. Kadzo alisema kwanza kwa Kigiriama, kisha kwa Kiswahili, nafikiri ili sisi nasi tuwe mashahidi. "Baba, jina lako silijui. Si mimi niliyekuleta hapa. Nasimama nawe kidogo tu nipate kazi yangu. Niwie radhi." Mpiga picha alimwambia aweke mkono begani mwa mti. Aliunyanyua, akausimamisha hewani, upana wa kidole kimoja tu kabla ya kugusa. Ukitazama picha unaona ameuegemeza. Mimi nilikuwepo, najua hakugusa. Alikuwa mzuri ajabu siku ile, ameinua kidevu, na mimi niliyesimama nyuma ya taa niliogopa bila kujua naogopa nini.

Kitabu kilitoka kabla ya maonyesho, na picha ile ikawa juu ya jalada. Chini yake waliandika kwamba huyu ni binti anayelinda mababu zake. Kikasambazwa, matajiri wakakipenda, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kila aliyekiona alitaka kuja Bofa kuona vigango. Marafiki wa mwenye nyumba wakajitolea kuleta vyao, vilivyokuwa kwenye bustani zao. Bi Lydia alikuja akiwa amekonda. Alisema uamuzi haukuwa wake, na kwamba sebule sasa itakuwa ya vigango, na jina la Kadzo litaandikwa kama msimamizi akitaka, na zile picha za studio zitapata nafasi ukumbini nyuma, ule mwembamba unaotoka stoo kwenda chooni. Kadzo alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama wageni watapita pale wakienda kujisaidia, na Bi Lydia akasema mwangaza utawekwa mzuri. Kadzo akasema asante, akaenda chumbani kwake akaanza kuzifunga picha kwa leso.

Alizirudisha zote mwenyewe. Milango yangu nilikuwa nimeshaipanga, nikaiacha, nikamsindikiza siku ya Matsangoni. Tulikwenda kwa mjane mmoja ambaye mumewe alikuwa bawabu, kwenye picha amechorewa kofia ya rubani. Mama yule alikuwa ameshanunua leso mpya ya kwendea Bofa, ameikunja juu ya meza, na majirani wawili walikuwa wafuatane naye. Kadzo alimwamkia, akafungua picha, akaiegemeza ukutani palipobaki alama nyeupe ya mahali ilipokuwa ikikaa. Mjane aliitazama picha, akamtazama Kadzo.

"Kwani alikosea nini huko?" aliuliza.

Nimehudhuria mikutano mingi tangu siku ile, nimeketi na watu wanaojadili nani apewe nafasi na nani awakilishe nani, na nikisikia maneno hayo mazuri huwa nalisikia swali la mama yule. Kadzo alipanda kiti akaitundika ile picha, akainyoosha, akashuka. Onyesho la vigango lilifanyika bila jina lake, wageni wakaja, Wambui akatundika vibuyu vyake akiwa amenuna, milango yangu ikasifiwa na mimi nikapata safari yangu ya kwanza ng'ambo. Kadzo alikuwa ameshaondoka. Alikwenda kufundisha Kaloleni, na hakutundika tena kitu mahali popote. Tulionana mara kwa mara, tulikula, tulicheka hata. Lakini mtu akinyanyua simu kupiga picha, Kadzo aliinuka, akasema, lete mimi niwapige. Nina picha nyingi alizotupiga. Yeye hayumo hata moja.

Kwa hiyo nilitoa kile kitabu kabatini nikaenda nacho Kaloleni. Mama yake Kadzo alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo, amejifunga leso mbili. Nilimwamkia shikamoo, nikampa pole, nikajifunga yangu nikakaa, kisha nikamwambia kuna picha lakini mwenyewe aliichukia.

"Uso wake uko?" aliuliza.

"Uko, mama. Vizuri sana."

"Basi nipe."

Aliishika mbali na macho, akapapasa uso wa mwanawe kwa kidole gumba. Kisha kidole kikahamia kwenye kigango. "Na huyu ni nani?"

Nilimwambia hatujui, na kwamba Kadzo naye aliuliza asimpate wa kumwambia. Mama alitikisa kichwa. Alisema mzee wa watu hawezi kutangulia jeneza la mtu asiye wake, mazishi yake alishayapata, aondolewe kwa heshima. Wambui akaipeleka studio. Fundi wa siku hizi anafanya kwa kompyuta, aliutoa mti ule kwa muda mfupi sana, akaweka nyuma pazia la maua. Lakini mkono ulibaki juu, umening'inia hewani bila kitu, na Wambui akapiga simu kuuliza afanye nini. Nilimuuliza mama yake.

"Awekewe kiti," alisema. "Mwanangu amesimama sana."

Kadzo alitangulia kaburini mwake na gauni la samawati, mkono juu ya kiti ambacho hakijawahi kuwepo, na aliyeibeba picha ni Wambui, maana mama alisema nani mwingine. Mimi nililia hapo, kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua. Ile picha niliyoichukia miaka yote ilikuwa imekuwa moja ya zile zake, na hakuwepo wa kumwonyesha.

Baada ya mazishi watu walipopungua, mama yake aliniita ndani. Sebule ilikuwa ndogo, kuta za chokaa. Alikuwa na msumari mkononi na jiwe. Alisema amesikia kazi yangu ni kutundika picha, basi nimtundikie. Nimetundika mambo makubwa kwenye kumbi kubwa, lakini pale nilizipima kuta kwa kiganja kama mtu anayejifunza. Nilijaribu ukuta wa dirishani, mwanga ukawa mkali. Nikajaribu kando ya kabati, akaonekana amebanwa. Mwishoni nikampeleka ukuta unaotazamana na mlango, peke yake, ili anayeingia aanze naye. Niligonga msumari, nikamtundika, nikarudi nyuma kutazama kama amenyooka. Mama yake alivuta kigoda akakaa chini yake.

"Hapo," alisema. "Asihamishwe tena."